Naomba ushauri: mama anayumba, ameanguka mara tatu

Habari ndugu zangu, wakubwa shikamooni.

Nipo Ujiji, Kigoma, naishi na mama yangu wa miaka 74. Tangu masika ameanguka mara tatu, mara mbili usiku akielekea choo cha uani. Hajavunjika, ila bega lilivimba wiki nzima. Akiinuka kitandani anasema macho yanaingia giza. Anatumia dawa za presha, moja ni ile ya kukojoza.

Nimeweka taa ya sola uani, na ndala nimezibadilisha kwa viatu vinavyoshika mguu. Fimbo anaikataa. Kituo cha afya walimpima presha akiwa amekaa, wakasema iko sawa. Lakini nimesoma kwamba apimwe akiwa amelala, kisha tena ndani ya dakika 3 za kusimama, na namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi si jambo la kupuuza. Hilo halikufanyika.

Kinachoniuma zaidi ni woga. Ameacha sokoni, ameacha hata msikitini, anashinda mkekani na miguu inazidi kulegea.

Je, nirudi palepale niombe apimwe hivyo na dawa ziangaliwe upya, au nimpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, moja kwa moja? Na mliowahi kumfanyisha mzee mazoezi nyumbani, ya kuinuka kitini au kusimama mguu mmoja ameshika meza, mlianzaje bila kumwangusha? Dawa sijazigusa, naogopa kuzipunguza mwenyewe.