Droni ya kwanza: Mini 4K, Neo au Tello?

Mkwezi_Tanga
Wakuu, habari za jioni. Nataka kununua droni yangu ya kwanza mwisho wa mwezi huu. Sijawahi kurusha chochote. Nimebaki na tatu kichwani: DJI Mini 4K, DJI Neo na ile ndogo ya Tello. Ipi inamfaa anayeanza? Kuna jamaa anarudi kutoka Dubai, naweza kumwagiza.

Babu_Propela
Mkuu, ya muhimu umeyaacha. Bajeti yako shilingi ngapi? Utarushia wapi? Unataka kujifunza tu au kupiga picha za harusi?

Fundi_Sakina
Wakati anajibu, mimi nasema Tello. Ina gramu 80, ukiigongesha ukutani unaiokota na kuendelea. Ila haina GPS, inajishikilia hewani kwa kusoma sakafu chini yake, kwa hiyo nje upepo kidogo tu inakwenda nao. Betri dakika 13, video 720p. Ni ya kuzoesha vidole sebuleni, na vidole ndivyo vinavyoangusha droni nyingi.

Mama_Nasra
Neo. Propela zimezungushiwa kinga, inapaa kutoka kiganjani na kurudi kiganjani. Nina watoto wawili nyumbani, sikutaka propela zilizo wazi. Dakika 18 kwenye makaratasi, kwa hiyo nunua betri ya pili.

Mkwezi_Tanga
Asanteni. Ni ya kujifurahisha, na kupiga picha shamba la mzee la minazi, karibu na bahari.

Babu_Propela
Bajeti bado hujataja. Ila ukishasema bahari, acha nikusimulie yaliyonikuta, maana najua yatakavyokukuta na wewe.

Mwaka juzi, mwezi wa nane, nilikuwa Kunduchi na Mini 2 SE, nayo ya DJI, yenye wiki tatu. Kusi lilikuwa linavuma, lakini ufukweni nilikingwa na ukuta wa hoteli nyuma yangu, nikaona shwari. Nikaifuatisha ngalawa moja kuelekea kaskazini, juu kama mita 80. Ilikimbia vizuri mno, nami nikafurahia. Sikujua kwamba inasukumwa. Betri ilipofika asilimia 45 nikaigeuza. Kwenye skrini mwendo ukashuka: mita 4 kwa sekunde, 3, 2. Rimoti ikaanza kulia. Mimi nimevuta kijiti mpaka mwisho, nadhani nikikaza zaidi itakuja. Niliiona kwa macho, kitone cheusi juu ya maji, imeelekeza pua kwangu na haisogei. Ikashuka yenyewe taratibu kama inatua uwanjani, ikaingia baharini.

Mambo mawili yangeiokoa. Kuishusha, maana karibu na maji upepo unapungua. Na kusogeza kile kiswichi cha rimoti kwenye S, yaani hali ya mwendo kasi, kwa sababu hali ya kawaida inaishia mita 10 kwa sekunde na S inafika 16. Tangu siku ile naanza kwa kwenda dhidi ya upepo, ili kurudi nisaidiwe.

Fundi_Sakina
Pole sana mkuu. Ndiyo maana nasema aanze na Tello.

Babu_Propela
Tello kwenye kusi la Tanga? Itafika Mombasa.

Rubani_Nyali
Kwa minazi chukua Mini 4K. Kamera imetulia kwenye gimbali ya mihimili mitatu, na betri ni dakika 31 za kiwandani. Lakini haina vihisi vya mbele, mnazi haiuoni. Kabla ya kupaa panga kimo cha kurudi nyumbani, yaani inapojirudisha yenyewe, kiwe juu ya mnazi mrefu kuliko yote. Na usinunue iliyotumika kabla mwenyewe hajaiondoa kwenye akaunti yake. Mimi niliuziwa ya namna hiyo, nikabaki na pambo.

Mama_Nasra
Kibali je? Zile gramu 249 watu wanazozitajataja, kwamba droni nyepesi hivyo ina masharti nafuu, ni kanuni ya Marekani na Ulaya. Hapa Tanzania ndege nyuki inapitia TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na Wizara ya Ulinzi nayo ina kauli. Ulizia kabla jamaa hajapanda ndege, isije ikazuiwa forodhani.

Rubani_Nyali
Huku kwetu Kenya mamlaka ya anga ni KCAA, tangu kanuni za 2020. Lakini "ndege nyuki" mnalitoa wapi? Sisi twasema droni.

Mama_Nasra
Nyuki kwa sababu ya mlio. Simama chini yake usikilize, utalikubali jina.

Fundi_Sakina
Droni ni fupi, na kila fundi analielewa.

Mkwezi_Tanga
Naelekea Mini 4K, ila Neo inanivuta kwa sababu ya wadogo zangu. Kesho nawapigia TCAA. Jamaa anauliza betri aziweke wapi?

Rubani_Nyali
Mkononi, ndani ya kabini. Betri za akiba haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini.

Mkwezi_Tanga
Sawa. Na lingine: shambani kuna mwewe wana kiota. Wanaweza kuishambulia?

Babu_Propela
Wanaweza. Ukimwona anazunguka juu yake, ipandishe wima haraka, yeye hushambulia kwa kushuka. Kiota kiko upande gani wa shamba?