Nebula ya Orion: kiini kinaungua na nyota zinakuwa mistari

Mpigapicha wa Ufukweni: Ndugu wataalamu, habari za jioni. Kwa wiki mbili sasa nimekuwa nikijaribu kupiga picha Nebula ya Orion, wingu la gesi na vumbi angani liitwalo pia M42, iliyo katika upanga wa kundinyota la Jabari, nikiwa Bagamoyo mbali kidogo na taa za mji. Natumia kamera yenye sensa ya APS-C, lenzi ya milimita 200 kwenye f/2.8, na stendi ya kawaida ya miguu mitatu. Naweka ISO (usikivu wa sensa kwa mwanga) 6400 na kuacha shata wazi kwa sekunde 10. Nyota zote zinatoka kama mistari, na katikati ya nebula panabaki doa jeupe tupu. Je, ni lazima ninunue mtambo wa kufuata nyota?

Kilimia: Si lazima, angalau kwa sasa. Anga huzunguka kwa sekunde za pembe 15 kila sekunde moja, na kwa lenzi yako, kama pikseli ni za maikromita 4 hivi, nyota huvuka karibu pikseli nne kwa sekunde; zidisha kwa kumi, utaelewa hiyo mistari imetoka wapi. Shusha muda hadi sekunde moja, ISO 1600, faili ghafi (RAW) wala si JPEG, kisha piga picha mia nne au mia sita mfululizo na uzipange pamoja, moja juu ya nyingine ziwe picha moja, kwa programu ya Siril au DeepSkyStacker, ambazo zote ni za bure. Mwaka 1880 Henry Draper, aliyekuwa wa kwanza kuipiga picha nebula hii, aliacha mwanga uingie kwa karibu dakika 50. Wewe utazikusanya dakika zako kwa vipande.

Jambo moja la hapo ulipo: katikati ya Januari M42 hupita karibu kabisa na utosi wako mnamo saa nne na nusu usiku, na kichwa cha stendi kikibeba lenzi nzito iliyoelekea juu huteleza polepole bila wewe kugundua. Anza saa mbili usiku, ikiwa bado upande wa mashariki.

Mzee wa Darubini: Naafiki, ila niongeze kwamba kiini cha nebula hii huungua, yaani hujaa mwanga hadi kuwa cheupe tupu, mara mbili: kwanza kwenye kamera, halafu kwenye kompyuta. Mtu anaweza kurudi na picha nzuri kabisa, lakini anapoinua mwanga ili mabawa hafifu ya nebula pembeni yaonekane, nyota za Trapezi, kikundi kidogo cha nyota angavu kilicho kwenye kiini, zinamezwa upya. Tengeneza nakala mbili za picha iliyokwisha kupangwa, moja uiinue kwa ajili ya mabawa na nyingine uiache nyeusinyeusi kwa ajili ya kiini, kisha uziunganishe kwa barakoa laini (mask) ya programu ya kuhariri picha. Na usishangae wekundu ukiwa mdogo, kwa sababu kichujio kilicho mbele ya sensa ya kamera za kawaida huzuia sehemu kubwa ya mwanga wa hidrojeni wa nanomita 656.

Kuhusu mtambo, ukija kununua, ujue kwamba kwetu Nyota ya Kaskazini haionekani. Utaelekeza mhimili kusini halisi, si kusini ya dira, na kuuinua nyuzi 6 na nusu tu. Vitako vingi vya kushikilia mtambo havishuki kiasi hicho, hivyo mimi hulazimika kurefusha mguu mmoja wa stendi.

Mpigapicha wa Ufukweni: Nawashukuru sana. Jana usiku nilipiga picha 420, lakini kuanzia ile ya 300 hivi lenzi ilishika ukungu wa baharini nami sikuiangalia, kwa hiyo zilizofaa ni pungufu ya hapo. Hata hivyo bawa moja limejitokeza wazi, na palipokuwa na doa jeupe sasa pana vitone viwili vitatu vilivyogusana. Leo naenda na kitambaa na kifuniko cha kukinga umande.