Mjadala: Jorge Ben aliiharibu samba alipoitia gitaa la umeme?

Wakuu, salaam. Wako wanaoshikilia kwamba Jorge Ben, kijana wa Rio, Brazil, aliyetoa wimbo "Mas que Nada" mwaka 1963, alikuwa mtu wa samba, muziki wa ngoma wa weusi wa Brazil. Ila yule wa albamu ya África Brasil ya 1976, aliyeweka gitaa kavu pembeni, akashika la umeme na kuingiza funk, muziki wa weusi wa Marekani, aliisaliti. Napinga kabisa.

Samba ilizaliwa imeshachanganywa. "Pelo Telefone", wimbo ambao Donga aliusajili mwaka 1916, ulitokea nyumbani kwa Tia Ciata, mama kutoka jimbo la Bahia aliyekuwa akiwakaribisha wapigaji pale Rio. Mpaka leo watu wanabishana kama ni samba au maxixe, dansi ya Rio iliyoitangulia samba, na maxixe yenyewe ina polka ya Ulaya ndani yake.

Hata hofu ya gitaa la umeme haikudumu. Tarehe 17 Julai 1967 wanamuziki waliandamana São Paulo kulipinga, Gilberto Gil akiwemo. Oktoba ya mwaka uleule Gil alipanda jukwaani na Os Mutantes, kundi la roki lenye magitaa ya umeme mikononi!

Ushahidi wangu mkubwa ni "Zumbi" ya mwaka 1974. Humo Jorge Ben anataja walikotolewa watumwa: Angola, Kongo, Benguela, Cabinda, na Quiloa, yaani Kilwa yetu hii. Mwaka 1976 aliurudia wimbo huohuo kwa gitaa la umeme, sauti ikiwa imekwaruza kwa hasira. Mimi nausikia ukimkaribia Zumbi zaidi, yule kiongozi wa watumwa waliotoroka na kujenga makazi yao kule Palmares, Brazil.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, nakuheshimu, ila umelikwepa jambo. Mwaka 1975 Candeia, mtunzi mkubwa wa Portela, mojawapo ya shule za samba (vikundi vinavyoandamana kwenye kanivali ya Rio), alianzisha shule yake mwenyewe, Quilombo. Alichoshwa na shule kubwa kugeuka maonyesho ya fahari, watu wa nje wakiamua kila kitu huku weusi walioijenga samba wakisukumwa kando. Ukifungua mlango wa "usasa", huchagui nani ataingia.

Mchangiaji wa pili:
Na faida inaenda kwa nani? "Mas que Nada" ilivuma duniani mwaka 1966 kupitia Sérgio Mendes, mpiga piano wa Brazil, na 2006 Mendes akairudia na kundi la Marekani la Black Eyed Peas. Wangapi humu wanajua ni ya Jorge Ben? Kiitikio cha "Taj Mahal", wimbo mwingine wa Jorge Ben, kiliibukia kwenye wimbo wa Mwingereza Rod Stewart wa 1978, "Da Ya Think I'm Sexy?", na Stewart mwenyewe alikuja kukiri kitabuni mwake kwamba alikichukua bila kujitambua.

Mleta mada:
Ndugu zangu, kuhusu shule za samba nipo na Candeia asilimia mia. Lakini aliowapinga ni waliowapora watu wake usukani, na Jorge Ben hakupora kitu cha mtu. Ni mtoto mweusi wa Rio, alichanganya cha kwao kwa mkono wake mwenyewe. Stewart kuchukua kiitikio ni kosa la Stewart, halimgusi aliyekitunga.

Kwa hiyo anayesema samba iliharibika asikilize "Zumbi" zote mbili, ya 1974 na ya 1976, kisha atuambie humu: ni kitu gani kilikuwemo katika ile ya kwanza ambacho gitaa la umeme limekiondoa?