Tupeane uzoefu: nani ashaweka turbo kwa dizeli ya zamani na ikakubali?

ViaziMpakaAhero
Wakuu habari. Niko na Isuzu yangu ya zamani, injini ni 4JB1 ile ya cc 2771, ilitoka kiwandani bila turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa eksosi ikisukuma hewa ndani ya injini. Nabeba viazi kutoka Molo hadi Kisumu, kurudi napakia mchele wa Ahero. Kushuka si shida, shida ni kurudi, ukishapita Awasi uanze kupanda mlima wa Kapsoit hadi Kericho. Nilikuwa naingiza gia ya pili nakaa nayo hadi mguu unakufa ganzi, na boda inanipita ikiwa imebeba mbuzi na mwenye mbuzi. Moshi nao, wueh, ukiangalia saidi mira unadhani nimewasha tanuri la makaa huko nyuma.

Nilidhani injini imechoka nikataka kufungua yote. Fundi wangu hapa Nakuru akaniambia tulia, kompresheni iko sawa, ni hewa. Nakuru iko mita 1,850 hivi kutoka usawa wa bahari, hewa imepungua karibu moja kwa tano ukilinganisha na Mombasa, na ukipanda Timboroa penye imepita mita 2,700 ni mbaya zaidi. Pampu haijui hayo, inamwaga dizeli ileile, hewa ya kuichoma haitoshi, inatoka moshi mweusi. Turbo inarudisha ile hewa.

Basi nikanunua turbo ya mtumba ya 4JB1-T pamoja na mainifoldi yake ya eksosi. Kufunga siku mbili. Siku ya tatu moshi wa bluu, oili imejaa kwa paipu ya hewa, kila mtu anasema umeuziwa turbo imekufa. Nikairudisha kwa muuzaji tukakosana sana. Kumbe turbo haikuwa na makosa. Oili inaingia turbo na presha kutoka kwa bloku lakini kutoka inashuka yenyewe tu kama maji ya mtaro, haisukumwi na kitu. Sasa pale kwa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, tulikuwa tumetoboa chini sana, shimo liko ndani ya oili iliyolala, kwa hivyo ile inayoshuka inapata mlango umejaa, inarudi nyuma inapitia kwa sili. Tulishusha sampu, tukaziba lile shimo na weldingi, tukatoboa juu ya level ya oili, na sampu yenyewe nikaiosha na dizeli mara tatu na mkono wangu juu vumbi la chuma likibaki humo ni beringi zinalipa.

Toka hapo haijawahi kutoa moshi wa bluu. Pampu hatukuigusa mwezi mzima, na hata hivo moshi mweusi ulipotea na Kapsoit sai napanda na gia ya tatu. Baadaye ndio tukaongeza dizeli, robo ya mzunguko kwa skrubu, basi. Leteni zenu, hata za kulia.

Mama_wa_Canter
Yangu ni ya kulia. Canter ya 4D33, ile ya lita 4.2 isiyo na turbo, inabeba simiti Kisumu kwenda Kakamega. Dereva wangu alinisumbua na hii maneno ya turbo hadi nikakubali, tukapelekwa kwa fundi fulani ambaye sitamtaja juu bado tuna maneno. Alifunga turbo alafu siku hiyohiyo akafungua pampu na bisibisi imwage dizeli zaidi, akisema mama utaona moto. Na kweli niliona, kaka. Wiki mbili gari ilikuwa inaruka, dereva anaimba. Wiki ya tatu wakiwa wanapanda mlima wa Riat na simiti imejaa, joto likapanda, wakaendelea tu, maji yakarudi kwa ekspanshoni tanki kama chai inafurika. Kufungua, hedigasketi imeungua na pistoni ya tatu ina shimo pembeni unaweza kuingiza kidole, naapa niliingiza.

Nilipouliza kuna geji yoyote ya joto la eksosi nikaambiwa hiyo ni ya magari ya mbio.

SpanaKumiNaNne
Pole sana mama. Mimi ni fundi na hiyo story yako naiona kila mwaka. Wacha niseme kitu watu wanachanganya: hewa ikiongezeka peke yake, joto la eksosi linashuka. Dizeli ikiongezeka, joto linapanda. Petroli ukiipunguza inawaka moto zaidi, dizeli ni kinyume, ukiizidisha ndio unayeyusha pistoni. Kwa hivyo aliyeua Canter yako ni bisibisi, turbo inasingiziwa.

Geji ya joto si ya mbio. Unatoboa mainifoldi kabla ya turbo, unaweka ile sensa, waya unaleta kwa dashibodi. Mimi nikishaona 700 sentigredi na mlima bado haujaisha namwambia dereva ashuke gia, mguu utoke kidogo. Na busti, yaani presha ya hewa ya turbo, kwa injini ambayo haikuzaliwa na turbo mimi sipitishi 8 PSI. Land Cruiser ya 1HZ kwa mfano, ile ya cc 4164, kompresheni yake iko juu ya 22 kwa 1, imeshajibana vya kutosha, ukiongezea 15 PSI unatafuta hedi mpya. Kuna moja ya misheni huku Londiani niliifunga na 7 PSI na bado inapeleka wagonjwa.

Pia injini nyingi zilizotoka na turbo zina vijimrija vya kurusha oili chini ya pistoni zipoe. Yako isiyo na turbo pengine haina. Kufanana kwa bloku kusikudanganye.

ChaiMbichi_Nandi
Mimi nilinunua turbo mbili na shida ilikuwa klipu ya shilingi mia na hamsini 😂

Pikap ya kubeba majani ya chai, turbo nilikuwa nimeweka kubwa kidogo kuliko ya kwanza. Siku moja kupanda Nandi Hills nikasikia paa! alafu sauti kama mtu anapuliza chupa, moshi mweusi, pawa hakuna. Nikajua tayari. Nikabadilisha turbo, elfu thelathini na kitu, mtihani wa kwanza, paa tena. Makanika mwingine alikuja akapitisha mkono kwa ile hosi ya kutoka turbo kwenda intakula, ile rejeta ya kupoza hewa, akasimama, akacheka. Klipu ilikuwa imelegea, hosi inachomoka ikipata busti na kurudi ikipoa, ukiiangalia imesimama unaona iko sawa. Ile turbo niliyotoa niliuza bei ya kutupa na aliyenunua bado anaitumia, nakutana naye sokoni ananisalimia vizuri sana.

Na turbo kubwa bradha, usidanganyike. Chini ya RPM 2000 ilikuwa inalala. Kwa lami ni tamu, kwa matope ya njia za majani ya chai unahitaji pawa ukiwa polepole na hapo haikupi kitu. Nilirudi kwa ndogo.

GiaYaPili
Mimi naona mnahangaika. Punguza gunia kumi, toka nyumbani mapema. Yangu haina turbo tangu 1994 na bado inaenda Mau Narok.

TaniboiMstaafu
@GiaYaPili wewe ndiye ulikuwa mbele yangu Jumanne Salgaa nini 😂😂

Yangu fupi. Nikiwa taniboi, bosi alipaki Londiani baada ya mlima akaingia hotelini, nami kwa uzuri wangu nikazima injini kuokoa mafuta. Nikafanya hivo kila siku. Turbo ikiwa moto vile na oili imesimama, ile iliyobaki kwa beringi inaungua inakuwa kama masizi magumu. Miezi minne shafti inacheza ukiishika na vidole viwili, juu chini, kushoto kulia. Bosi alilaumu muuzaji, mimi nikanyamaza. Leo ndio nasema. Wacha ingurume dakika mbili kabla ya kuzima.

ViaziMpakaAhero
@Mama_wa_Canter pole mama, na asante kwa kusema. Geji naitafuta wiki hii. @SpanaKumiNaNne nikishaiweka nitakuandikia Kapsoit inasoma ngapi na gunia thelathini.

@ChaiMbichi_Nandi nimetoka nje sai na tochi ya simu nikapitisha mkono kwa hosi. Klipu moja inazunguka na vidole.