Naomba ushauri: ripoti ya tathmini inakuja bajeti ikiwa imeshapita

Habari zenu wakuu. Nipo kwenye asasi ndogo hapa Mbagala, tunafanya kazi na akina mama wa vikoba (vikundi vya kuweka na kukopa). Mradi ukiisha mfadhili anataka tathmini. Mshauri anakuja na madodoso, miezi mitatu baadaye tunapata ripoti nene ya Kiingereza. Bajeti imeshapitishwa, ripoti inaishia kabatini. Inaniuma, maana wale mama waliacha biashara zao kujibu maswali.

Safari hii nataka tuanze na uamuzi wenyewe: mafunzo yaendelee, au fedha ziende kwenye mitaji? Hadidu za rejea, yaani maelekezo ya kazi anayopewa mshauri, zijengwe juu ya swali hilo, majibu yatoke kabla ya kikao cha bodi. Mfadhili nimwingieje? Na aliyewahi kurudisha matokeo kwa walengwa, alifanyaje?