Tupeane uzoefu: beji za pini za filamu za panki

Mkaazi wa Leeds: Wakuu, najua wenye ugonjwa huu tuko wachache, ila tujitokeze. Nazungumzia zile beji za duara za bati, pini nyuma, zinazotokana na filamu za panki (ule muziki na mtindo wa vijana waasi) za miaka ya 1970 na 1980. Yako uliipataje, na unachaguaje? Mimi yenye jina la filamu kwa herufi kubwa siigusi, hilo ni tangazo. Nataka ya kueleweka na aliyeitazama tu. Ya Repo Man (1984) niliyonayo ni nyeupe, ina neno BEER kwa buluu, basi. Mle ndani bidhaa za dukani hazina nembo: bia imeandikwa BEER, chakula FOOD. Kwenye treni wengi wananiona mlevi. Siku moja mzee mwenye mvi akacheka, akaniuliza kwenye buti ya gari nimebeba nini. Walioiona ile Malibu, gari la kwenye filamu hiyo, wanajua kwa nini buti haifunguliwi.

Binti wa Gikomba: Yangu ilikuja na mtumba! Koti la jinzi, beji imesahaulika kolani, na muuzaji hakuihesabu kwenye bei. Ina picha ya kile kimsonobari cha kunukisha gari. Nilidhani ni ya karakana fulani, hadi binamu alipoweka hiyo hiyo Repo Man na nikaona vimening'inia kila gari.

Fundi, Bristol: Nazitengeneza nyumbani kwa mashine ya mkono, za milimita 25. Bati, karatasi, plastiki nyembamba juu, unabana. Kisha mgongo wenye pini, unabana tena. Karatasi iwe pana kuliko uso wa beji, maana pembeni hukunjwa kwenda nyuma. Ukisogeza maneno hadi ukingoni, yanaliwa. Kwa Jubilee (1978) ya Derek Jarman, ambamo Elizabeth wa Kwanza anafikishwa London iliyovurugika, nilimchora malkia na nywele za miiba. Ruhusa sijaomba, lakini panki gani aliomba ruhusa?

Mvita: Nyie wa baridi mna raha. Huku Mombasa pini inashika kutu upesi, na doa lake kwenye shati jeupe halitoki ng'o. Naziweka kwenye kopo la biskuti pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vya kwenye boksi la viatu. Na msizianike dirishani, zitapauka.

Mkaazi wa Leeds: Fundi, muuzaji akiapa kuwa ni ya 1978 kweli, unamkagua vipi?

Fundi, Bristol: Geuza, soma ukingo. Baadhi ya watengenezaji walichapa jina lao hapo kwa herufi ndogo. Lakini zisizo na jina nazo ni nyingi, za zamani na za jana. Kutu isikudanganye, Mvita anaipata kwa masika moja. Mimi nalipia picha, umri silipii.

Binti wa Gikomba: Fundi, malkia wa miiba tunabadilishana kwa nini? Kimsonobari sikitoi.