Naomba ushauri: injini inachemsha katika mwendo, lakini haichemshi kwenye foleni

Ndugu wenye ujuzi wa magari, naomba msaada wenu. Gari langu, lenye injini ya petroli ya silinda nne, limeanza kuchemsha kwa namna inayonichanganya: nikikaa kwenye foleni nusu saa nzima mshale wa joto hautikisiki, ila nikishika barabara kuu na kufikia kilomita 90 kwa saa, hasa penye mwinuko, unapanda hadi karibu na alama nyekundu.

Fundi wa kwanza aliilaumu feni, hoja ambayo sikuiafiki, kwa kuwa katika mwendo huo upepo wenyewe unatosha kuipoza rejeta. Thamostati (vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto) tumebadilisha bila mafanikio. Jana nilifungua boneti injini ikiwa ya moto, nikamwomba mwenzangu akanyage mafuta, nikauona mpira wa chini wa rejeta ukinywea kama mrija unaofyonzwa, kisha ukarudia umbo lake alipoachia. Mfuniko wa rejeta sikuthubutu kuugusa.

Maji hupungua kidogo kila wiki, wala sioni tone chini ya gari. Oili haijageuka rangi ya maziwa, dalili ya kuchanganyika na maji.

Je, dalili hizi zinaelekea kwenye rejeta iliyoziba ndani, au gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya bloku ya injini na hedi, sehemu yake ya juu) imeanza kuvujisha? Fundi wa pili anataka kufungua hedi mara moja. Kabla sijamruhusu, ningependa kujua kipimo kipi kitangulie, kupima shinikizo la mfumo wa kupoza au kutafuta gesi ya moshi ndani ya maji.